R inanitii nikibofya, kwenye dirisha jeusi inanigomea

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni karani wa takwimu mkoani Njombe. Kila Jumatatu napokea bei za mahindi, maharage na viazi kutoka masoko 14, naziweka kwenye faili moja, nafungua RStudio (dirisha la kutumia R, lugha ya kompyuta ya takwimu, kwa kubofya) na kuendesha skripti yangu, yaani faili ya amri, hadi nipate jedwali na grafu. Nilisikia kazi yote hiyo inaweza kufanywa kwa amri moja ya Rscript, inayoendesha skripti bila kufungua RStudio. Nilipoijaribu kwenye dirisha jeusi la Windows, kompyuta ilijibu kwamba haiitambui. Mwenzangu alinisaidia, ikakubali, lakini sasa skripti haisubiri niandike namba ya wiki, inapita tu. Na grafu siioni kabisa. Nimekosea wapi? Au nirudi kwenye kubofya?

Msomaji, Njombe

JIBU

Marahaba mwanangu. Usirudi kwenye kubofya, umeshavuka sehemu ngumu.

Nianze na lile la kutotambulika, maana litarudi. Ukisakinisha R kwenye Windows, Rscript inakaa ndani ya Program Files, kwenye folda yenye namba ya toleo, kisha ndani ya bin. Windows haiangalii humo mpaka uiongeze folda hiyo kwenye orodha yake iitwayo Path. Nadhani ndivyo alivyofanya mwenzako. Siku utakaposakinisha toleo jipya, folda itakuwa na namba nyingine, na orodha itabaki ikielekeza kwenye ile ya zamani. Iandike pembeni kwenye daftari lako.

Sasa namba ya wiki. Bila shaka umetumia readline, amri ya R ya kumuuliza mtu aandike kitu. Amri hiyo humsubiri mtu aliyekaa mbele ya R. Skripti ikiendeshwa na Rscript, R inajua hakuna mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo readline inarudisha maandishi matupu papo hapo na kuendelea. Haikupi hata onyo. Namba ya wiki ipe amri yenyewe tangu mwanzo:

Rscript bei.R 12

Na juu kabisa ya skripti uandike:

wiki <- as.integer(commandArgs(trailingOnly = TRUE)[1])
if (is.na(wiki)) stop("Andika namba ya wiki")

Usiiache as.integer, ndiyo inayogeuza maandishi kuwa namba. Chochote kinachotoka kwenye mstari wa amri kinafika kama maandishi, hata kama ni tarakimu. R ikilinganisha maandishi inaangalia herufi moja moja, na kwa mtindo huo 12 ni ndogo kuliko 9, kwa kuwa 1 hutangulia 9. Ripoti zako zingekwenda sawa mpaka wiki ya tisa, halafu ya kumi ikaanza kuchanganya mambo.

Grafu yako haijapotea. Angalia folda uliyokuwa umesimama ulipoandika amri, utakuta faili inaitwa Rplots.pdf. Pasipo dirisha la kuchorea, R huchora humo, na ukiendesha tena inaandika juu ya ile ya kwanza. Kabla ya kuchora weka png("bei_wiki.png"), na ukimaliza weka dev.off(). Ukiisahau dev.off(), usitegemee kukuta picha iliyokamilika. Nimesema folda uliyosimama kwa makusudi: Rscript haihamii kwenye folda ya skripti. Ukisimama kwingine, read.csv yako, amri ya kusoma faili, nayo itaitafuta faili ya bei huko huko kwingine.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili liliniumiza. Kabla ya Rscript kuja na toleo la 2.5.0 mwaka 2007, wengi tuliendesha skripti kwa R CMD BATCH, na bado utaikuta kwenye maelekezo ya zamani. Hiyo, usipoikataza, kwanza inapakia vitu ulivyohifadhi mara ya mwisho kwenye faili ya .RData, na mwishoni inahifadhi upya. Nilikuwa nikiandaa takwimu za mvua za kila mwezi. Siku moja nilibadilisha jina kwenye mstari wa kusoma faili, badala ya mvua nikaandika mvua_aprili, lakini huko chini skripti iliendelea kutumia mvua. Ilipaswa kukwama. Haikukwama, kwa sababu mvua ya Machi ilikuwa bado imelala kwenye .RData. Ripoti ya Aprili ikatoka na namba za Machi, safi, na vichwa vya habari vyake. Bwana shamba mmoja wa bonde la Kilombero akanipigia: sisi Aprili tumelala majini, wewe unaandika mvua ya kawaida?

Rscript haipakii mabaki hayo. Inaanza mikono mitupu kila mara, na jina lisilokuwepo linaisimamisha hapo hapo. Ndiyo maana nasema ikikugomea ishukuru: inakuonyesha kitu ambacho skripti yako ilikuwa ikikitegemea bila wewe kukiandika. Na RStudio ikikuuliza unapoifunga kama uhifadhi vilivyomo, jibu hapana, kila siku.

Dirisha jeusi lenyewe lisikutishe. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kwenye Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kwa kufuata lugha ya S ya maabara za Bell za Marekani, na watu waliitumia kwa kuandika amri miaka mingi kabla RStudio haijatoka mwaka 2011. Huko ndiko nyumbani kwake.

Ukitaka ijiendeshe kila Jumatatu, Windows ina programu yake ya kupanga kazi kwa saa. Ipe faili ya .bat (faili ya amri za Windows) yenye njia nzima ya Rscript, ipe na folda ya kuanzia. Ndani ya .bat hiyo matokeo yaelekeze kwenye faili:

Rscript bei.R 12 > taarifa.txt 2>&1

Kile kipande cha mwisho ni cha lazima. Alama ya > peke yake inachukua matokeo tu. Maonyo na makosa hupita njia nyingine, na ndiyo utakayoyahitaji asubuhi ukikuta hakuna jedwali. Ukishapanga saa, namba 12 haitajibadilisha yenyewe, kwa hiyo skripti iisome wiki kutoka kwenye tarehe: format(Sys.Date(), "%V"). Hiyo nayo inatoka kama maandishi, ipitishe kwenye as.integer.

Halafu ongeza ukaguzi mmoja: kama masoko hayakutimia 14, skripti isimame kwa stop. Soko moja likichelewa kutuma, ni heri ripoti isitoke kuliko wastani wa mahindi utoke bila Makambako. Jumatatu mbili za kwanza fanya njia zote mbili, kwa mkono na kwa amri, ulinganishe jedwali safu kwa safu. Zikitofautiana hata kwa soko moja, niandikie na uniambatishie hiyo taarifa.txt.