Maswali ya Wasomaji: Pipa Moja la Sabuni, Mnato Mara Mbili

SWALI: Natengeneza sabuni ya maji. Viskomita yangu ya kuzungusha (mashine ya kupima mnato, yaani uzito wa kimiminika), spindeli (kijiti kinachozunguka ndani ya sabuni) namba 4 kwa mizunguko 12 kwa dakika, asubuhi ilisoma 3,400 mPa·s (kizio cha mnato), mchana 2,600, na sabuni ni ya pipa lile lile. Wenzangu wanasema niongeze chumvi ili iwe nzito. Au mashine ni mbovu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Chumvi iache kwanza, tafadhali. Ikipita kiwango chake sabuni hurudi kuwa nyepesi, na chumvi ikishaingia huwezi kuitoa.

Mashine huenda ni nzima. Kwa viskomita za aina ya LV (za mnato mdogo), spindeli 4 kwenye mizunguko 12 hupima hadi 50,000. Usahihi wake ni asilimia 1 ya ukomo huo, wala si ya namba unayoisoma: yaani 500 juu au chini. Basi 3,400 yako yaweza kuwa 2,900, na 2,600 yaweza kuwa 3,100. Angalia torki kwenye kioo, yaani asilimia ya nguvu ya kuzungusha inayotumika. Utakuta iko asilimia 5 au 7. Chini ya asilimia 10 usiandike kitu. Funga spindeli 3, mizunguko iwe 12 vile vile: ukomo unashuka hadi 10,000, kosa linabaki 100. Kasi usiiguse, kwa sababu sabuni ya namna hii hulegea kadiri inavyozungushwa kwa kasi.

Halafu kuna joto la mchana. Hata glisirini safi ina mnato wa kama 1,400 kwenye nyuzi 20, lakini kwenye nyuzi 25 haifiki 1,000. Weka bika (chombo cha maabara) la mililita 600 lenye sabuni ndani ya beseni la maji ya nyuzi 25 na usubiri. Kipimajoto kiwe ndani ya sabuni, si ndani ya maji ya beseni. Kikombe chembamba hakifai, kuta zake huiburuza spindeli na namba hupanda.

Sabuni iwe imetulia, haina povu. Ingiza spindeli kwa kuilaza upande, la sivyo kiputo cha hewa hunasa chini ya kisahani chake. Izamishe hadi kwenye alama, sawazisha mashine kwa pima maji yake (kiputo kikae katikati), soma baada ya dakika 2. Rudia mara tatu.

Andika hivi: 3,050 mPa·s, spindeli 3, mizunguko 12, nyuzi 25, dakika 2. Kikikosekana kimoja, huwezi kulinganisha na kipimo cha kesho.

SWALI: Kikombe chenye tundu na saa vinatosha kupima rangi ya mafuta? (Fundi rangi)

JIBU: Kwa rangi nyepesi, ndiyo. Kikombe cha Ford namba 4 kina tundu la milimita 4.12, muda wa rangi kutiririka uwe kati ya sekunde 20 na 100. Simamisha saa uzi wa rangi unapokatika mara ya kwanza, usingoje kikombe kiishe. Tundu lisafishe kwa brashi laini na thina. Waya hulikwaruza, na likishapanuka muda wako wote utakuwa mfupi kuliko ukweli.