Raketi kama Astrox 100 ZZ kwa laki na nusu, hapa hapa Mwanza: jibu langu kwa mleta uzi

Mkuu nimelisoma swali lako mara mbili. Uko Mwanza, umecheza mpira wa vinyoya mwaka mmoja na kitu, una laki na nusu, na unataka raketi itakayokaribia Astrox 100 ZZ, ile ya daraja la juu ya kampuni ya Yonex, kwa sababu ndo umemuona nayo Axelsen, yule bingwa wa Denmark. Wadau hapo juu wameshakutajia majina, mi naomba nikujibu kwa urefu maana swali hili hili nililiuliza miaka minne iliyopita na majibu yake niliyapata kwa kupoteza hela na kuumia bega.

Kwa ufupi ni kwamba inawezekana. Kwa laki na nusu unapata raketi itakayokupa karibu kila kitu ambacho mkono wako kwa sasa ungeweza kukitoa kwenye ile ya bei mbaya, ila sharti ni moja, usiimalize hela yote kwenye fremu. Tenga ya nyuzi na tenga ya fundi.

Nianze na nilivyopigwa. Mi nilianzia nje, kwenye kiwanja cha simenti huku Isamilo, na zile raketi za chuma zinazouzwa mbili mbili kwenye mfuko mmoja na vinyoya vyake vya plastiki. Nilipoanza kwenda ukumbini nikakuta wenzangu wote wana raketi za grafaiti, nyepesi, zinalia vizuri, nikapagawa. Nikazunguka mjini, duka moja nikaonyeshwa "100 ZZ" kwa elfu tisini, ina stika, ina mfuko wake, kila kitu kipo. Sikukaa nikajiuliza raketi ambayo huko nje inauzwa zaidi ya dola 200 inafikaje Mwanza kwa elfu tisini. Nikabeba. Wiki ya tatu nikaipeleka kwa fundi aikaze nyuzi kwa pauni 25 (ndo kipimo cha mkazo wa nyuzi), kamaliza nyuzi za wima, kaanza za ulalo, tukasikia ta! Fremu imepasuka pale pale kwenye mashine. Fundi aliikata ile sehemu akanionyesha kwa ndani, ukuta upande mmoja mnene, upande wa pili mwembamba kama ganda la yai. Fundi hakuwa na kosa lolote na yule muuzaji alikataa hata kuiangalia. Kwa hiyo mkuu ukiona raketi ya daraja la juu kwa bei ya dagaa, iache hapo hapo, hata kama muuzaji ni mtu mnayefahamiana.

Baada ya hapo nikapata bahati. Jamaa ninayecheza nae dabo, yaani wawili kwa wawili, alikuwa ametumiwa 100 ZZ yenyewe na kaka yake kutoka Uingereza, akaenda Bukoba kikazi mwezi mzima akaniachia. Aisee nilikuwa na furaha ile mbaya. Siku tatu za mwanzo nilijiambia naizoea, wiki ikapita, vinyoya vyangu vya kwenda nyuma vinadondokea katikati ya kiwanja, bekihendi ndo kabisa haivuki, na bega la kulia likaanza kuuma usiku. Raketi haikuwa na shida yoyote, ni nzuri mno, ila shafti yake, ule mti unaounganisha mshikio na fremu, ni ngumu sana na uzito umekaa kichwani. Shafti ngumu inataka mkono wenye kasi kubwa ndo ipinde kisha irudi na kinyoya, usipokuwa na hiyo kasi haipindi, unabaki unasukuma kinyoya kwa bega. Axelsen ana mita 1.94, kachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo na Paris, na mazoezi ndo yalikuwa kazi yake ya kila siku. Sisi tunatoka kazini saa kumi na moja tunakimbilia ukumbini na daladala. Raketi inayomfaa yeye inatuadhibu sisi.

Na kuna kitu kingine ambacho sijaona mtu anakisema humu na kwa mtu wa Mwanza ni muhimu sana. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, sisi tunaokaa kwenye vilima tuko juu zaidi. Hewa huku ni nyepesi kuliko Dar au Tanga, kwa hiyo kinyoya kinapungua kasi polepole na kinaenda mbali zaidi kwa pigo lile lile. Ndo maana wageni kutoka Pwani wakija wanatoa sana nje nyuma mpaka wazoee. Vinyoya vya manyoya vina namba za kasi, 75, 76, 77, 78, namba ikipanda kinakimbia zaidi, na kwa huku mtu akikuletea 77 mwambie akubadilishie, tafuta 75 au 76. Vya plastiki angalia ule mkanda wa rangi, kijani ni polepole, bluu wastani, nyekundu kasi, chukua kijani. Sasa jiulize, kama hewa yenyewe inakusaidia kufika nyuma, raketi nzito kichwani unaitafutia nini? Shida yetu kubwa huku ni kukizuia kinyoya kisitoke, yaani udhibiti, na udhibiti unaupata kwenye nyuzi zilizofungwa vizuri pamoja na raketi unayoweza kuigeuza haraka. Mi hili lilinichukua miaka kulielewa na kwa kweli linaniuma nikiona vijana wanajichangisha miezi wanunue raketi ya kuwavunja mabega.

Hata hiyo dhana kwamba smeshi, lile pigo kali la kushusha chini, inatoka kwenye uzito wa kichwa sio lazima iwe hivyo. Aprili 2023 Satwiksairaj Rankireddy wa India alipiga smeshi ya kilomita 565 kwa saa kule Japani, ikaingia kwenye rekodi za dunia, na mkononi alikuwa na Nanoflare 1000 Z, ambayo ni raketi nyepesi kichwani.

Sasa nilichonunua mimi. Niliagiza Apacs, ni kampuni ya Malaysia, ikaja kutoka Dar kwa basi nikaichukulia stendi ya Nyegezi, ilinigharimu elfu tisini na tano pamoja na usafiri. Ni 4U, mizani ya kati, shafti inapinda kiasi. Hizi herufi usizipite: U ni uzito kabla ya nyuzi, 3U ni gramu 85 hadi 89.9, 4U ni 80 hadi 84.9, 5U ni 75 hadi 79.9. Kwa mtu wa hali yako 4U inatosha kabisa, 5U kama kiganja bado hakina nguvu. G ni unene wa mshikio, na kwa Yonex namba ikipanda mshikio unakuwa mwembamba, G5 ndo nyingi utakazokutana nazo, ikiwa nyembamba unaongezea gripu, ule mkanda wa kuzungushia mshikio.

Ilipofika nilicheza nayo siku moja na nyuzi zake za kiwandani nikakata tamaa. Zimelegea, kinyoya kinazama kama kimeangukia kwenye neti ya kuvulia. Hapa ndo watu wengi wanaitukana raketi ya bei rahisi na kuitupa, wakati wanachokichukia ni nyuzi. Nikamrudia yule yule fundi, tukakata zote, tukafunga BG65, huo ni uzi wa Yonex wa milimita 0.70, mnene, hauna mbwembwe ila unadumu, pauni 23. Mkuu, ilikuwa raketi nyingine. Mlio ulibadilika, dropu, yale mapigo mepesi ya kudondosha, zikaanza kushuka karibu na neti, na bega likatulia. Jamaa yangu aliporudi kutoka Bukoba akaishika, akapiga kama dakika kumi, akaniuliza hii bei gani. Nilipomwambia alinyamaza, akaomba tucheze seti nzima nae aitumie. Sasa hivi anazo mbili za hivyo na ZZ anatoka nayo anapotaka kupiga smeshi za singo, mmoja kwa mmoja.

Pauni nazo usiige za mabingwa. Uzi ukikazwa sana sehemu nzuri ya kupigia inakuwa ndogo, ukikosea katikati kidogo tu kinyoya kinakufa. Kaa 22 mpaka 24, ukijiona unapiga katikati mara nyingi ndo upande pauni moja moja. Na kabla hujamruhusu fundi soma kwenye fremu, pale juu ya mshikio pameandikwa kiwango chake cha mwisho, usikivuke.

Kitu cha pili nilichofanya hakikunigharimu hata elfu kumi. Niliisawazisha upya. Weka raketi juu ya kidole itulie, pima kutoka kitako cha mshikio mpaka pale kwenye kidole, chini ya milimita 285 ni nyepesi kichwani, 285 mpaka 295 ni ya kati, zaidi ya hapo nzito kichwani. Yangu baada ya nyuzi ilikuwa inavutia mbele. Gripu ya juu ina kama gramu 5, ukiizungusha kwenye mshikio mizani inarudi nyuma karibu sentimita moja, unaisikia kabisa kwenye mkono. Na ukitaka kinyume chake, kipande cha madini ya risasi cha kunata cha gramu 1 kwenye kilele cha fremu kinasogeza mizani mbele kama milimita 4. Hivyo raketi moja unaicheza mpaka ikukae, wakati mtu mwingine ananunua mpya kila anapojisikia vibaya na aliyonayo.

Nisikudanganye lakini kwamba ni sawa kwa sawa. Ile ya juu shafti yake inarudi haraka zaidi, mkirushiana mapigo ya kasi karibu na neti utaona tofauti, na ukipiga pembeni ya katikati haizunguki sana mkononi. Halafu ukinunua mbili za mfano mmoja zinafanana kweli, hizi zetu mbili za mfano mmoja zinaweza kupishana gramu kadhaa. Siku mkono wako umefika huko utajua mwenyewe, na hapo ukitoa hiyo hela hutajuta.

Dukani angalia mambo machache. Pale shafti inapoingia kwenye fremu ukikuta kiungo cha T kimetokeza kwa nje, hiyo kwa kawaida ni chuma au alumini, iache. Ipitishe macho kwa urefu kama unavyokagua mbao, fremu na mshikio vikae kwenye mstari mmoja. Pitisha kidole kwenye vile vibomba vidogo vya plastiki kwenye matundu ya fremu, kisiwepo kilichopasuka maana ndo kinachokata nyuzi. Ukitaka jina la Yonex lenyewe kwa hela yako, tafuta zinazoishia na neno Play, zipo Astrox 77 Play, 88D Play, 99 Play, ni halali na nzuri kwa kujifunzia, shafti zake kwa kawaida ni laini zaidi, ila asikuambie mtu kwamba ni Pro kwa sababu rangi zinafanana. Pro, Tour, Game, Play, ni ngazi nne tofauti na Play ndo ya chini.

Kwa hiyo laki na nusu yako ningeigawa hivi: elfu tisini mpaka laki raketi, thelathini nyuzi nzuri na fundi, inayobaki gripu mbili na vinyoya. Uliza pale ukumbini nani anamfungia watu nyuzi, nenda kaa nae akikufungia, utajifunza mengi.

Na uzi mmoja ukikatika katikati ya mchezo, usiiache raketi hivyo mpaka wiki ijayo. Omba mkasi hapo hapo, kata zote ukianzia katikati kwenda nje, wima na ulalo kwa pamoja, ili mvuto uliobaki usiipinde fremu. Raketi yangu ya elfu tisini na tano ina mwaka wa nne sasa na imeshafungwa nyuzi mara kumi na moja.