Kitanzi kimoja kilivyofuta rekodi zangu za mvua

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili. Rekodi ikipotea, huwezi kuipima upya. Ndiyo maana nakuomba usome hili kabla hujayapitisha mafaili yako kwenye kitanzi (loop), yaani amri inayorudia kazi ileile kwa kila faili.

Nilikuwa natunza vipimo vya mvua vya vijiji 20 kwa miezi 6, kila kijiji faili moja kwa mwezi. Mafaili 120. Yaliandikwa kwenye Windows, na mwisho wa kila mstari palikuwa na alama isiyoonekana iliyovuruga hesabu zangu kwenye Linux. Kuyasafisha moja moja ningekesha, nikaandika:

`for f in *.txt; do tr -d '\r' < $f > $f; done`

Kufumba na kufumbua kazi ikaisha. Nikapiga `ls -l` nione ukubwa wa mafaili: sifuri, sifuri, sifuri. Alama ya `>` hulifungua faili na kulimwaga kabla `tr`, amri ya kufuta ile alama, haijasoma hata herufi moja.

Yalipona machache tu, yale ya Mvumi Mission na Chamwino Ikulu. Majina yao yana nafasi katikati, nami sikuweka alama za nukuu, kwa hiyo kompyuta iliona maneno mawili matatu badala ya faili moja, ikagoma kuyagusa. Kosa moja likaniokoa na kosa jingine. Yaliyobaki niliyachapa upya kutoka kwenye madaftari ya wapimaji, siku nne mfululizo. Wale wazee wangekuwa wametupa madaftari yao, sijui ningewaambia nini.

Sasa naandika hivi:

`mkdir safi`
`for f in *.txt; do tr -d '\r' < "$f" > "safi/$f"; done`

Matokeo yanakwenda kwenye folda nyingine, na jina la faili linakaa ndani ya nukuu, kila mara, hata kama leo halina nafasi. Lakini kwanza napitisha kitanzi kitupu, `for f in *.txt; do echo "$f"; done`, nione ni mafaili gani yatakayoguswa. Hapo ndipo utakapokuta faili usilolitarajia.

Nikimaliza napiga `wc -l *.txt`, kisha `wc -l safi/*.txt`. Jumla ya mistari lazima ilingane. Isipolingana, ya asili bado yapo palepale, sijayagusa.