Maswali yenu kuhusu Civita di Bagnoregio, mji ulio juu ya mwamba

Tulipoandika kuhusu miji midogo ya Italia, wasomaji wengi waliuliza zaidi juu ya Civita di Bagnoregio. Haya ni baadhi ya maswali yenu.

Mji huu uko wapi hasa? Wengine wanauita mji, wengine kijiji.

Uko mkoa wa Lazio, upande wa Viterbo, kiasi cha kilomita 120 kaskazini mwa Roma, kati ya ziwa Bolsena na bonde la mto Tiber. Kiutawala leo ni kitongoji cha Bagnoregio, mji wa watu wapatao 3,500. Zamani mambo yalikuwa kinyume kabisa. Civita ndiyo iliyokuwa na askofu na kanisa kuu, na Bagnoregio ya leo ilikuwa mtaa wake wa nje, ukiitwa Rota.

Kwa nini unaporomoka? Na waliojenga pale walifikiria nini?

Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati walioanzisha makazi hayo miaka ipatayo 2,500 iliyopita, walitafuta usalama, na kilima chenye kuta za mwamba pande zote kiliwapa. Adui hapandi pale kirahisi. Tatizo liko chini ya mwamba wenyewe.

Tabaka la juu ni majivu na vifusi vya volkano za kale za upande wa Bolsena, vilivyogandamana vikawa jiwe. Jiwe hilo huchongeka vizuri, ndiyo maana Waetruski walichimba makaburi ndani yake, na vizazi vya baadaye wakayageuza mengine kuwa vyumba vya kuhifadhia divai. Tabaka la chini ni udongo wa mfinyanzi uliotuama kwenye sakafu ya bahari, enzi hizo eneo lote likiwa chini ya maji. Mvua ikinyesha, mfinyanzi unalowa na kusombwa. Vijito viwili vya bondeni, Rio Chiaro na Rio Torbido, navyo vinaula taratibu. Mwamba ukikosa pa kukalia unapasuka, na kipande kizima kinakwenda na kila kilichojengwa juu yake.

Karibu na lango la Santa Maria kuna ukuta wa mbele wa jumba la zamani la kifahari. Mlango upo, madirisha yapo, lakini ukitazama ndani ya dirisha unaona anga. Jumba lililokuwa nyuma yake limeshaporomokea bondeni. Kwangu mimi ukuta ule una uzito kuliko kanisa lolote la pale.

Watu waliondoka lini?

Pigo kubwa lilikuwa tetemeko la ardhi la Juni 1695. Baada yake askofu na viongozi walihamia ng'ambo, Rota, na wananchi wakawafuata kidogo kidogo. Ukingo mwembamba wa ardhi uliounganisha pande hizo mbili nao ukazidi kuliwa. Daraja la sasa, la watembea kwa miguu tu, lenye urefu wa mita 300 hivi, lilijengwa mwaka 1965.

Babu yetu alibatizwa Bonaventura. Ni kweli mtakatifu huyo alizaliwa huko? (Msomaji, Bukoba)

Ni kweli, na nimefurahi umeuliza. Alizaliwa Civita mwanzoni mwa karne ya 13, akiitwa Giovanni di Fidanza. Mwenyewe aliandika kwamba utotoni aliugua karibu ya kufa, akaponywa kwa maombezi ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Akajiunga na Wafransisko, akasomea na kufundisha Paris, na mwaka 1257 akachaguliwa kuliongoza shirika lote. Alifariki Lyon, Ufaransa, mwaka 1274, mtaguso (mkutano mkuu wa Kanisa) ukiendelea huko, akatangazwa mtakatifu mwaka 1482. Dante, mshairi mkuu wa Italia, alimtaja pamoja na jina la mji wake.

Nyumba aliyozaliwa haipo tena. Ilishaanguka, na mahali pake pamewekwa kibao cha ukumbusho. Masalia yake yaliyokuwa Lyon yaliharibiwa katika vita vya dini vya karne ya 16. Mkono wake, uliokuwa umeshapelekwa nyumbani kabla ya hapo, umehifadhiwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Nikola, Bagnoregio.

Kuna watu bado wanaishi humo? Na kiingilio ni cha nini?

Wakazi wa kudumu hawazidi wachache, kama familia moja kubwa ya kwetu. Kiingilio kilianza mwaka 2013 kwa euro 1.50, kisha kikapandishwa. Wapo wanaolalamika kwamba mji umegeuzwa makumbusho. Mimi nakiunga mkono, kwa sababu kuushikilia mwamba ule ni kazi ya gharama: kufunga kuta kwa vyuma, kuchimba visima vipana vya kuuimarisha, kupunguza kasi ya vijito. Kazi hizo zinachelewesha tu, ila hata miaka hamsini zaidi ni neema kwa mahali kama pale.

Nimesikia wana mashindano ya punda kama sisi. (Msomaji, Lamu)

Wanayo, yanaitwa Tonna. Hufanyika Jumapili ya kwanza ya Juni na ya pili ya Septemba, mbele ya kanisa la San Donato, kwenye uwanja usio na lami wala vigae. Wapanda punda huzunguka uwanja huohuo, watazamaji wakiwa wamejibana kandokando. Ninyi mnakimbilia ufukweni, mna nafasi zaidi.