Ushuru wa rasta na saluni ndogo: niliyoyaona Mwanga, Kigoma

Dada wa Kasulu, umeuliza jambo la maana, na naona majibu mengi uliyopewa yametoka kwa watu ambao hawajawahi kushika kitana. Umesema una milioni 3, unataka kufungua saluni, na unauliza kama ushuru wa nywele bandia, yaani mawigi na rasta za kusukia, unakuhusu wakati wewe huagizi kontena. Mdau mmoja akakujibu kwamba ule ni ushuru wa matajiri, maana wigi ni anasa. Mimi nina saluni hapa Mwanga tangu 2014, viti vitatu na wasusi wanne. Ngoja nikueleze ushuru huo ulivyoingia mlangoni kwangu.

Kwanza tuelewane unavyotozwa. Kwenye bajeti ya 2019/20, Dkt. Philip Mpango, akiwa Waziri wa Fedha, alileta ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Haukukuta uwanja mtupu. Tayari kulikuwa na ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao kwa bidhaa iliyokwisha kutengenezwa kwa kawaida ni asilimia 25, na kulikuwa na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Vyote hivyo hupandiana. Chukua mzigo wa thamani ya 100,000 unaposhushwa bandari ya Dar es Salaam. Forodha 25,000, tuko 125,000. Ushuru wa bidhaa haupigwi kwenye ile laki, unapigwa kwenye 125,000, tunafika 156,250. VAT nayo inapigwa juu ya yote, na mzigo unatoka na 184,375. Hapo bado tozo ndogondogo, faida ya muagizaji, faida ya muuza jumla Kariakoo, na nauli ya kuufikisha huku kwetu mwisho wa reli.

Tena hesabu hiyo inaanzia kwenye dola. Mwaka 2024 dola ilipovuka shilingi 2,600, asilimia hazikubadilika hata moja, lakini kodi kwa shilingi iliongezeka kwa sababu thamani ya mzigo wenyewe iliongezeka.

Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT, ile aliyolipa kwenye manunuzi yake huikata kwenye VAT anayotakiwa kupeleka serikalini. Lakini ili ulazimike kusajiliwa, mauzo yako yanatakiwa kufika milioni 200 kwa mwaka. Kabla ya 2023 ilikuwa milioni 100. Saluni gani ya Mwanga, Gungu au Ujiji inagusa huko? Kwetu sisi hiyo 18 hairudi. Imeingia kwenye bei ya pakiti na inabaki humo humo. Na aliyekushauri ununue za nchini hakukosea, rasta nzuri zinatengenezwa Dar es Salaam na mimi nazitumia, ila nazo zina asilimia 10 yake, na muuza duka akiona za nje zimepanda, hizi hataziacha chini.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijaona mtu akilisema hapa. Mteja wetu haji saluni akiwa na bei ya rasta kichwani. Anakuja na hela aliyoitenga. Awe mwalimu, awe mama muuza dagaa wa Kibirizi, awe binti anayekwenda harusini, ameshasema moyoni: elfu ishirini, basi. Kabla ya ushuru ule, elfu ishirini hiyo mimi niliigawa hivi: pakiti 5 za 2,000, elfu kumi, ufundi elfu kumi. Pakiti ilipofika 3,000, rasta peke yake zikala 15,000. Nikimwambia mteja sasa jumla ni 25,000, ananijibu, "Dada, mimi si wa leo kwako, nifanyie ishirini." Tunavutana weee, tunaangukia 22,000. Ukitoa rasta, ufundi umebaki 7,000. Msusi na mimi hugawana nusu kwa nusu, kwa hiyo yeye anaondoka na 3,500 badala ya 5,000, kwa saa sita za kusimama na vidole kuuma. Bandarini wamepata chao, muagizaji chake, muuza duka chake. Aliyekatwa ni msusi.

Mwaka 2021 msusi wangu bora kuliko wote alinifuata jioni tukiwa tunafagia, akafungua daftari lake. Vichwa alivyosuka mwezi ule vilikuwa sawasawa na vya mwezi kama huo miaka mitatu nyuma, na hela ilikuwa imepungua karibu theluthi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Dada, mikono ni ileile." Baada ya wiki mbili akaenda kuuza vitenge. Sikuwa na neno la kumzuia, na mpaka leo nikiona msuko wa yeboyebo ulionyooka namkumbuka yeye. Kwa hiyo mtu akiniambia ushuru ule ni wa matajiri, namkatalia kabisa. Mwenye wigi la laki tatu anaongeza hela, maisha yanaendelea.

Ndipo nikabadilisha utaratibu. Nilibandika ukutani bei za ufundi peke yake, bila rasta: kubwa kiasi hiki, za wastani 10,000, ndogondogo kiasi hiki. Mteja ananunua rasta zake dukani anakotaka, anakuja nazo. Mwanzoni niliwapoteza wateja, siwezi kukuficha, karibu mwezi mzima viti vilikaa wazi asubuhi. Kisha wakarudi, kwa sababu waliona wenyewe dukani pakiti ni shilingi ngapi, wakaacha kudhani mimi ndiye niliyepandisha. Kuna faida nyingine ambayo sikuitegemea. Kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo kama sisi hufuata mauzo, si faida. Zamani kichwa kimoja kilisomeka 22,000 kwenye mauzo yangu wakati 15,000 yake ilikuwa inapita tu kwenda kwa muuza rasta. Leo kinasomeka 10,000, na ni ya ufundi kweli. Weka daftari tangu siku ya kwanza, tafadhali.

Wateja nao wamebadilika. Rasta waliyokuwa wanafumua baada ya wiki sita wanakaa nayo miezi mitatu, na nywele za mbele zinakatika. Mimi huwaambia wazi kwamba wanachookoa kwenye pakiti watakuja kukilipa kwenye kipaji cha uso. Wengine wanakuja na rasta za zamani zimefuliwa kwa maji ya moto. Na uzi umerudi! Wasichana wanaomba mtindo wa "twende kilioni" na nywele za uzi kama za mama zao, na mafuta ya mise yetu hapa, yale ya kokwa za michikichi, yanafanya kazi ya mafuta ya chupa yanayotoka mbali. Jifunze kusuka uzi vizuri. Nilishukuru kuujua mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, maana mama wa dagaa hakuwa na elfu ishirini wala kumi, lakini nne ya uzi alikuwa nayo.

Usije ukakimbilia mzigo wa njia ya panya. Huku kwetu mpaka uko karibu, na bei za vitu vilivyoruka ushuru zinavutia sana ukiwa na madeni. Mimi niliwahi kununua boksi la dawa ya nywele kwa mtu aliyelileta usiku, halina tarehe ya kuisha inayosomeka. Mteja wa pili kupakwa alichubuka ngozi ya kichwa. Nililipa matibabu yake, nikamwomba radhi kwao mbele ya mume wake, na hakurudi tena. Mafuta ya kung'arisha ngozi ndiyo usiyaguse kabisa. Yenye zebaki au haidrokwinoni yamepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 anayesimamia vipodozi ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa hiyo milioni 3 yako, kama ningekuwa wewe: kodi ya fremu ya miezi sita, draya moja imara, viti viwili, kioo kikubwa, leseni. Usijaze kabati rasta. Weka pakiti chache za rangi nyeusi na ya kahawia kwa mteja wa haraka, nyingine aje nazo. Elewana na duka moja la jirani likupe rasta kwa mali kauli wiki za Idi na Krismasi. Na ukishapata msusi, mwambie mgawo wake kwa ufundi, usimgawie kwenye jumla. Kasulu fremu za karibu na stendi zina bei gani siku hizi? Ukiniambia naweza kukupigia hesabu ya vichwa vingapi kwa wiki vitakutosha.