Kumtumia Montúfar kwenye tasnifu

Ndugu, umeuliza kama Reseña Histórica de Centro América ya Lorenzo Montúfar inatosha kuwa chanzo kikuu cha tasnifu yako kuhusu Francisco Morazán, kiongozi wa waliberali na rais wa Shirikisho la Amerika ya Kati. Itumie, ila mjue kwanza anayekusimulia. Huyu Mguatemala, aliyezaliwa 1823, alikuwa mwanasheria na mliberali wa kutupwa. Wahafidhina walipotawala aliishi uhamishoni, Costa Rica ikiwemo. Baada ya mapinduzi ya waliberali ya 1871 alirudi kwao, akawa waziri wa mambo ya nje wa rais Justo Rufino Barrios, na juzuu zake saba zikaanza kutoka 1878. Yaani anamwandika Rafael Carrera, mtawala wa wahafidhina aliyempinga Morazán, akiwa amekaa meza ya washindi! Nyaraka anazozinukuu ni hazina. Hukumu zake zipime. Hata hivyo hakuwa kibaraka: aligombana na Barrios kuhusu mkataba wa mpaka na Meksiko wa 1882.

Halafu angalia usimchanganye na Manuel Montúfar y Coronado, mhafidhina, aliyeandika kumbukumbu zake mapema zaidi. Wasome wote wawili sambamba, na kwenye tanbihi andika majina kamili, la sivyo msimamizi wako atakurudishia kazi.