Ukirudi Dar, kiwanja kisubiri

Wengi wetu tuliokaa Uingereza, tukitua Dar tunakimbilia kiwanja. Msingi umefika wapi, nondo zilikwenda wapi, kaka alizitumiaje zile fedha. Mimi nasema kiwanja kisubiri. Anza kuhani misiba uliyoikosa, hata kama arobaini ilishapita zamani.

Rambirambi ulizotuma kwa simu zilifika na zilisaidia, hakuna anayebisha. Ila hukukaa mkekani, na wenzako wanakumbuka nani alikaa. Niliporudi na wanangu tulianzia Mbagala, kwa shangazi aliyefiwa na mumewe nikiwa mbali. Dada yangu mkubwa ndiye aliyetangulia kubisha hodi, maana mtu aliyepotea hajipeleki mwenyewe. Tulibeba mchele, sukari na doti ya kanga. Shangazi alinisema, tena mbele ya watoto. Nikanyamaza. Alipomaliza akauliza kama tumekula.

Watoto wafundishwe shikamoo kabla ya kupanda ndege. Watakosea Kiswahili na watachekwa. Usiwatetee kila wakifungua mdomo. Binamu zao watawanyoosha haraka kuliko wewe.

Sasa kiwanja. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimfungia asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ndiyo maana wengi waliochukua pasipoti ya nje (wanaoingia kwao kwa viza, na inauma) waliandikisha viwanja kwa jina la ndugu. Kaka aliyelipia kodi ya ardhi na kugombana na wavamizi miaka yote hiyo anajiona ana haki, na kwa kiasi fulani anayo. Usimwanzie na risiti.

Mambo haya hayamalizwi kwenye grupu la WhatsApp. Itisheni kikao cha ukoo, mjomba au mzee mwingine ambaye hakugusa zile fedha akiongoze, mkikubaliana yaandikwe na mashahidi watie saini. Mkishindwa kabisa, Baraza la Kata lipo kusuluhisha, ingawa ukishamfikisha ndugu yako huko, Idi ijayo sahani yako huenda isiandaliwe.

Na kikao hicho kisiangukie wiki ya kuondoka. Ndugu wakijua una ndege Jumapili, watakubali lolote ili uende zako.